Jina la jukwaani, jina la kuzaliwa, au yote mawili: ulinganisho kwa anayeandika wasifu wa msanii wa dragi

Rasimu niliyoletewa kuihariri ilianza na sentensi hii: "Walizaliwa mwaka 1990 na walianza kupanda jukwaani wakiwa na umri wa miaka 17." Nilirudi kwenye kichwa cha makala kumtafuta mtu wa pili, kwa kuwa kichwa kilikuwa na jina moja tu, la msanii mmoja wa dragi wa Marekani. Mtu wa pili hakuwapo. Mtafsiri alikuwa amekikuta katika Kiingereza kile kiwakilishi cha wingi, "they", ambacho siku hizi hutumika pia kwa mtu mmoja asiyejitambulisha kuwa mwanamume wala mwanamke, akakihamisha kama kilivyo, na kwa nia njema kabisa ya kumheshimu akamgeuza mtu mmoja kuwa kundi. Aya mbili mbele, makala hiyo hiyo ilimtaja mara nne kwa jina la kuzaliwa, jina ambalo msanii mwenyewe alikwisha kuliacha zamani. Heshima ilikuwa imewekwa mahali ambapo Kiswahili hakiihitaji, na ikakosekana mahali ambapo kinaihitaji sana.

Dragi, kwa msomaji ambaye neno hili ni geni kwake, ni sanaa ya maonyesho ambamo msanii hujenga mhusika wa kike au wa kiume kwa mavazi, nywele bandia, vipodozi, sauti na mwendo, mara nyingi kwa kutia chumvi ili watazamaji waone jinsi mambo hayo yanavyoundwa. Wasanii wake wengi wanaojulikana ni wanaume wanaoigiza wanawake, lakini wapo wanawake wanaoigiza wanaume, wapo wanawake na wanaume waliobadili jinsia, na wapo ambao hawajioni katika upande wowote. Anayewaandikia makala ya kamusi elezo, wasifu mfupi au maelezo ya makumbusho hukutana na maswali mawili kabla hajaandika hata mstari mmoja: amwite msanii kwa jina gani, na amtaje kwa jinsia gani. Kiingereza hulazimisha jibu la swali la pili karibu katika kila sentensi. Kiswahili hakilazimishi, ila kina mitego yake, ambayo nitaifikia.

Ninalinganisha hapa chini njia zinazotumika, nikiwa na msimamo ambao ni afadhali nikautaja mapema. Jina linaloongoza makala liwe lile lililobeba kazi ya msanii na ambalo mwenyewe analikubali. Jina la kuzaliwa liingie pale tu linapoeleza jambo na halimdhuru mtu. Na habari ya jinsia isemwe kwa sentensi iliyo wazi, mara moja, badala ya kuachwa ipenye kwa maneno mengine.

Jina la jukwaani tangu kichwa hadi mwisho

Njia hii ndiyo rahisi zaidi kuitetea, na wasomaji wa Kiswahili wameizoea bila kuhisi kwamba waliwahi kuichagua. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880 aliitwa Mtumwa binti Saad, na jina hilo lilibeba hali ya wazazi wake. Sauti yake ilipompatia sifa mjini akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na ni kwa jina hilo alirekodi sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, na kwa jina hilo Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Hakuna mhariri mwenye busara ambaye angemwita Mtumwa katika kila aya kwa hoja kwamba ndilo jina lililotangulia. Jina hilo hutajwa mwanzoni kwa sababu linaeleza alikotoka, kisha Siti huendelea na maisha yake. Bi Kidude naye, aliyefariki Aprili 2013, hatumwiti Fatuma binti Baraka isipokuwa pale tunapomtambulisha. Siwafananishi wanawake hawa na wasanii wa dragi, si kwa sanaa wala kwa maisha. Nasema tu kwamba kanuni tunayoitafuta tayari tunayo nyumbani, na hatuna sababu ya kuisahau tunapomwandika msanii wa Baltimore au wa Vienna.

Kwa upande wa dragi, mfano ulio wazi ni Divine. Alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1945, akapewa jina la Harris Glenn Milstead, na jina la Divine alipewa na rafiki yake wa ujanani, mwongozaji wa filamu John Waters. Kwa jina hilo aliigiza, aliimba na kuzunguka nchi nyingi. Makala yenye kichwa "Harris Glenn Milstead" ingemlazimisha msomaji anayemtafuta Divine apite mlango wa nyuma, tena bila kupata faida yoyote kwa usumbufu huo. Hata hivyo, Divine anatuonyesha pia kwamba jina la jukwaani halijibu swali la jinsia. Nje ya jukwaa aliishi kama mwanamume, na alitamani ahesabiwe kuwa mwigizaji wa nafasi za kila aina. Katika filamu ya Hairspray, iliyotoka mwaka 1988, aliigiza mama wa nyumbani na, ndani ya filamu hiyo hiyo, mwanamume anayemiliki kituo cha televisheni. Alipofariki Los Angeles tarehe 7 Machi mwaka huo, alikuwa karibu kuanza kurekodi nafasi ya mwanamume katika kipindi cha vichekesho cha televisheni. Anayemwandika Divine kwa Kiswahili ana bahati ya neno "mwigizaji", ambalo halibebi jinsia yoyote na linamtosha kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho. Akiongeza "wa kike" kwa sababu ya picha aliyoiona, amekosea. Akiongeza "wa kiume" katika kila aya ili kumkumbusha msomaji, amekosea kwa namna nyingine, kwa kuwa anaigeuza kazi ya mtu kuwa jambo la kufichuliwa.

RuPaul, msanii maarufu wa dragi wa Marekani, hana mgogoro huu, na ninamtaja kwa sababu watu wengi hudhani anao. Alizaliwa San Diego mwaka 1960 akiitwa RuPaul Andre Charles. Jina la jukwaani ni jina alilopewa na mama yake. Kumtafutia "jina halisi" jingine ni kupoteza muda. Amesema pia hadharani kwamba hajali kutajwa kwa kiwakilishi cha kike au cha kiume, kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza yuko huru na wa Kiswahili yuko huru zaidi.

Udhaifu wa njia hii huonekana katika kumtaja msanii kwa mara ya pili na kuendelea. Magazeti ya Kiingereza hupenda kufupisha kwa jina la ukoo, lakini majina mengi ya dragi si jina na ukoo; ni tungo moja yenye mchezo wa maneno ndani yake, na ukilikata vipande unaliua. Bob the Drag Queen, mshindi wa mwaka 2016 wa RuPaul's Drag Race, kipindi cha televisheni cha mashindano ya dragi, hawezi kufupishwa kuwa "Queen", wala jina hilo halitafsiriwi kuwa "Bob Malkia". Mfupishe kuwa "Bob", au mtaje kwa ukamilifu. Katika Kiswahili tumezoea kumfupisha mtu kwa jina lake la kwanza, kama tunavyosema "Siti", na mazoea hayo yanafaa hapa kuliko kanuni ya ukoo iliyoazimwa.

Jina la kuzaliwa kama jina kuu

Wanaoitetea njia hii husema kwamba kamusi elezo huandika mtu, na kwamba mhusika wa jukwaani ni vazi ambalo mtu huyo hulivaa na kulivua. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo mtu mwenyewe amelivua vazi na kuendelea kuwa maarufu bila hilo. Paul O'Grady, aliyezaliwa Birkenhead, Uingereza, mwaka 1955, alijulikana kwanza kama Lily Savage katika baa ya Royal Vauxhall Tavern ya London, akitumia jina la ukoo la mama yake. Baadaye alimstaafisha Lily, akaanza kuendesha vipindi vya televisheni kwa jina lake, vikiwamo vile vya mbwa wanaotafutiwa makao mapya, na alipofariki Machi 2023 mamilioni ya watu walimlilia Paul. Makala yake inastahili kuitwa Paul O'Grady, na Lily Savage apate sehemu yake kubwa ndani yake. Lakini tazama kilichotupa ruhusa hiyo: mwenyewe alilichagua jina lake la kuzaliwa mbele ya umma. Ruhusa haikutoka kwenye cheti.

Pasipo uchaguzi wa namna hiyo, njia hii hushindwa. Humpa msomaji jina asilolijua, hutenganisha kazi na aliyeifanya, na mara nyingi huandikwa kwa sauti ya mtu anayedhani amegundua siri. Sioni hali nyingine ambayo ningeipendekeza, isipokuwa katika sentensi inayohusu mkataba au kesi ambayo nyaraka zake zimetumia jina hilo, na hata hapo kwa sentensi hiyo tu.

Kugawa: jukwaani jina hili, nje jina lile

Hapa ndipo pana utamu, na pia ndipo makosa mengi hutokea. Chukua ushindi mmoja wa Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, wa Copenhagen, tarehe 10 Mei 2014, ambapo Austria ilipata pointi 290. Mwandishi anaweza kuandika: "Thomas Neuwirth alishinda shindano hilo." Anaweza kuandika: "Conchita Wurst alishinda shindano hilo." Anaweza pia kuandika: "Conchita Wurst, mhusika aliyebuniwa na kuigizwa na mwimbaji Thomas Neuwirth, alishinda shindano hilo."

Sentensi ya kwanza ni ya kweli kwa hati, lakini hakuna mtangazaji aliyelitamka jina hilo wakati pointi zikihesabiwa. Sentensi ya pili inalingana na tukio, na kwa makala kuhusu shindano inatosha kabisa. Ya tatu inafaa pale makala inapomhusu msanii mwenyewe, kwa sababu Neuwirth amewahi kueleza kwamba Conchita hutajwa kwa kiwakilishi cha kike na Tom kwa kiwakilishi cha kiume. Mgawanyo huo ni wake, haukubuniwa na mhariri, kwa hiyo mwandishi anaweza kuufuata: Tom alizaliwa Gmunden mwaka 1988, Conchita aliimba Copenhagen akiwa na ndevu na gauni refu. Jina la Wurst lenyewe linastahili nusu aya. Kwa Kijerumani ni soseji, na lipo pia katika msemo unaomaanisha "kwangu yote ni sawa tu". Msanii alilichagua ili kusema kwamba sura ya mtu na asili yake si kipimo. Mwandishi anayemfupisha kuwa "Wurst" katika makala nzima humnyima msomaji wa Kiswahili fununu hiyo na kumbakishia neno gumu kulitamka, ilhali "Conchita" lipo.

Njia ya kugawa haipaswi kudhaniwa kwa mtu ambaye hajaisema. Gottmik, aliyeshiriki RuPaul's Drag Race mwaka 2021 akiwa mwanamume wa kwanza aliyebadili jinsia kufika kwenye kipindi hicho cha Marekani, ni mwanamume maishani na huigiza mwanamke jukwaani. Mwandishi aliyekariri kwamba "aliyebadili jinsia katika dragi lazima awe mwanamke" atamwandika vibaya kuanzia sentensi ya kwanza. Kwetu mgawanyo wa majina nao si mgeni: Joseph Haule aliapishwa bungeni kwa jina hilo, akiwa mbunge wa Mikumi, na bado ni Profesa Jay katika kila makala ya historia ya muziki wa kizazi kipya. Hakuna aliyechanganyikiwa, kwa sababu kila jina lilitumika mahali pake.

Makala mbili: ya mtu na ya mhusika

Wapo wahusika waliokuzwa hadi wakawa na wazazi wao, ndoa zao, watoto na siasa zao, na kwa hao naona ni vyema makala zikawa mbili. Dame Edna Everage alitokea Melbourne mwaka 1955, na Barry Humphries, aliyemwigiza hadi karibu na kifo chake cha Aprili 2023, alizoea kumzungumzia kama mtu mwingine kabisa. Faida ya kuwatenganisha inaonekana katika jambo moja dogo. Cheo cha "Dame", ambacho ufalme wa Uingereza humtunuku mwanamke, Edna alipewa ndani ya filamu ya mwaka 1974, na aliyempa ni Gough Whitlam, waziri mkuu wa kweli wa Australia, akiigiza nafasi yake mwenyewe. Humphries naye alitunukiwa nishani za kweli na Australia na Uingereza. Makala moja iliyoandikwa haraka huweza kuzitia heshima hizo kapu moja, na msomaji akaondoka akiamini kwamba mhusika wa kubuni alitunukiwa na ufalme.

Afrika Kusini ina mfano mzito zaidi. Pieter-Dirk Uys, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1945, alimbuni Evita Bezuidenhout ili kuusuta utawala wa ubaguzi wa rangi katika miaka ambayo kuusema waziwazi kulikuwa na gharama. Evita anajulikana kuwa balozi katika Bapetikosweti, nchi ya kubuni iliyotungwa kwa mfano wa zile "nchi" ambazo utawala uliwapangia Waafrika weusi ili kuwanyang'anya uraia wao. Watazamaji humwita Tannie Evita, na "tannie" kwa Kiafrikaans ni jina ambalo mdogo humwitia mwanamke aliyemzidi umri, kama sisi tunavyosema shangazi au mama mdogo kwa asiyekuwa ndugu wa damu. Ukumbi wake, Evita se Perron, uko katika stesheni ya zamani ya treni kwenye mji wa Darling. Alimhoji hata Nelson Mandela akiwa ndani ya vazi la Evita. Makala ya Evita ianze kwa maneno "mhusika wa kubuni", kisha iwe huru kusimulia maisha yake. Makala ya Uys imhesabu kuwa mwandishi na mwigizaji. Ukiziunganisha, utajikuta unaandika "balozi" kwa mtu ambaye hajawahi kuwa balozi, au unakata utani wote ili kulinda ukweli.

Ugumu wa njia hii ni kwamba inahitaji mhusika mwenye maisha ya kutosha. Wasanii wengi wa dragi hawana mhusika wa namna hiyo. Wana jina la kazi tu, kama mwanamuziki yeyote. Kuwagawa hao kuwa makala mbili ni kuwakata watu vipande.

Jina linapokuwa ni la maisha yote

Kundi hili ndilo ninaloliombea uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu kwao jina la jukwaani na jina la maisha limekuwa moja, na jina la kuzaliwa linaweza kuwa jeraha. Peppermint, ambaye mwaka 2018 aliingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, kama mwanamke wa kwanza aliyebadili jinsia kuanzisha nafasi kuu katika onyesho la huko, ni Peppermint jukwaani na ni mwanamke anapotoka nje. Sasha Colby wa Hawaii, aliyetwaa mwaka 2012 taji la Miss Continental, shindano la urembo la wasanii wa aina hii, na ushindi wa RuPaul's Drag Race mwaka 2023, naye vivyo hivyo. Ukiandika habari zao kwa njia ya kugawa, ukisema kwamba nje ya jukwaa "wanarudi" kuwa wanaume, umeandika uongo, hata kama kila tarehe uliyoweka ni sahihi.

Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni juu ya hili ambayo naiona ina busara: jina la zamani la mtu aliye hai aliyebadili jinsia hutajwa tu ikiwa alikwisha kuwa maarufu kwa jina hilo. Ninaichukua kanuni hiyo kama ilivyo. Hoja ya kwamba "msomaji ana haki ya kujua" haina nguvu hapa, kwa kuwa jina hilo halimsaidii msomaji kuelewa wimbo, onyesho wala tuzo yoyote.

Kuna pia waliotangulia maneno yetu. Marsha P. Johnson, aliyezaliwa Elizabeth, New Jersey, mwaka 1945, alikuwamo katika vuguvugu la Stonewall la New York mwaka 1969, lililozuka polisi walipovamia baa ya mashoga, alitumbuiza na kikundi cha Hot Peaches, na pamoja na Sylvia Rivera alianzisha jumuiya ya kuwahifadhi vijana wa mitaani. Alipoulizwa jinsia yake alijibu kwamba herufi P katika jina lake inasimamia maneno yenye maana ya "usilijali hilo". Alijieleza kwa maneno ya enzi yake, ambayo leo baadhi yake hayatumiki au yanachukuliwa kuwa ya kuudhi. Mwandishi akimvisha istilahi za leo bila kusema kwamba ni za leo, anamnyang'anya kauli yake. Akiyarudia maneno ya zamani kana kwamba ni yake mwandishi, anawaudhi walio hai. Njia ya kati ipo: mwite Marsha, mtaje kama yeye na wenzake walivyozoea kumtaja, yaani kwa jinsia ya kike, na maneno aliyojieleza nayo yawekwe katika alama za kunukuu yakiwa na mwaka wake.

Kiswahili kinavyosaidia, na kinavyosaliti

Kiambishi "a-" na neno "yeye" havina jinsia, na nashukuru kwa hilo kila ninapohariri. Kile ambacho Kiingereza kimekihangaikia kwa miaka, hadi kamusi ya Merriam-Webster ikaongeza mwaka 2019 matumizi ya kiwakilishi cha wingi kwa mtu mmoja asiye wa kike wala wa kiume, sisi tulikwisha kuzaliwa nacho. Hakuna sababu yoyote ya kuandika "walizaliwa", "mama yao" au "waliwaalika" kwa mtu mmoja. Anayetumia programu ya kutafsiri na achunguze viambishi hivi kimoja kimoja, kwa maana mashine huvihamisha bila kuuliza.

Jinsia hurudi kupitia mlango mwingine. Vitenzi vya ndoa ndivyo vinavyonisumbua mara nyingi. RuPaul na Georges LeBar walifunga ndoa mwaka 2017. Mwandishi akisema RuPaul "alioa" au "aliolewa", amekwisha kumpangia nafasi ambayo hakuna aliyemwambia. "Walifunga ndoa" inatosha. Vivyo hivyo "Bw." na "Bi." mbele ya jina, "dada" na "kaka", "mwanadada", "binti", "mwigizaji wa kike": kila kimoja ni uamuzi kuhusu jinsia, na kinahitaji ushahidi sawa na ule ambao Mwingereza anauhitaji kwa kiwakilishi chake.

"Malkia wa dragi" nalo ni neno la kulipima. Katika masikio yetu malkia wa sanaa fulani ni mmoja, aliyewashinda wengine, kama tunavyomwita Khadija Kopa malkia wa mipasho. Kwa Kiingereza neno linalolingana nalo ni jina la kazi, analoitwa hata aliyepanda jukwaani jana. Ukiandika "malkia wa dragi" kwa kila mmoja, umempa kila mmoja taji, na umedokeza kwamba wote ni wanawake. "Msanii wa dragi" ni sahihi zaidi, na "malkia" libaki pale ambapo msanii analitumia ndani ya jina lake au katika cheo.

Vipo vitenzi vinavyotia shaka bila mwandishi kukusudia. "Anayejiita Peppermint" husikika kana kwamba wengine hawamwiti hivyo. "Anayeitwa" au "anayejulikana kama" haina dosari hiyo. "Anajifanya mwanamke" hudokeza udanganyifu, ilhali "anaigiza mwanamke" husema kazi yake, na wala neno hilo lisitumike kwa aliye mwanamke kweli. "Jina halisi" hulifanya jingine kuwa la uongo, na "jina bandia" hulisema hilo waziwazi. "Jina la kuzaliwa" na "jina la jukwaani" huelezea asili ya kila moja bila kuhukumu. Nimeona makala zilizokuwa na kila tarehe sawasawa zikiharibiwa na "anayejiita" mmoja tu.

Ukimya wa Kiswahili una gharama pia. Chanzo kikisema kwamba msanii ni wa kike jukwaani na wa kiume nyumbani, tafsiri yetu huifuta habari hiyo yote, na msomaji hatajua kwamba ilikuwapo. Basi iandikwe kwa sentensi yake, karibu na mwanzo, kwa mfano: "Kwa Kiingereza hutajwa kwa kiwakilishi cha kike anapokuwa jukwaani na cha kiume anapokuwa nje ya jukwaa." Baada ya hapo "yeye" hubeba mengine yote.

Pale msanii asipokuwa ameeleza lolote

Hapo sichagui kwa kubahatisha. Natumia jina alilotangazwa nalo, naacha maneno yote yenye jinsia, na sitafuti jina la kuzaliwa katika orodha za shule au kurasa za ndugu. Kwa wasanii wa Afrika Mashariki nina msimamo mkali zaidi. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria kali dhidi ya ushoga, inayoadhibu pia kile inachokiita kuukuza, na mahali pengi jirani ndugu na mwenye nyumba huweza kufanya ambacho sheria haijafanya. Jina la hati la kijana anayepanda jukwaani kwa jina jingine, likichapishwa katika makala ya marejeo, hudumu na hutafutika kirahisi kuliko uvumi wa mtaani. Kama mwenyewe hajalitangaza, mimi siliandiki, hata nikilijua.

Rasimu ile iliondoka mezani kwangu ikiwa fupi kuliko ilivyokuja. "Walizaliwa" ikawa "alizaliwa", "mama yao" akawa "mama yake", jina la kuzaliwa likatoka mahali pote panne, na mwishoni mwa aya ya kwanza tukaongeza: "Kwa Kiingereza hutumia kiwakilishi kisicho cha kike wala cha kiume." Mtafsiri aliniuliza kama sentensi hiyo ina kazi, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hatakutana na kiwakilishi hicho mahali popote katika makala. Nilimjibu kwamba msomaji huyo huyo kesho atamsikia msanii akitambulishwa kwa Kiingereza, na itakuwa vizuri asikodoe macho kumtafuta mtu wa pili kama nilivyofanya mimi.